DAWA YA NG'OMBE NA HOMA YA WATU

Katika miji mingi ya dunia ng'ombe hukaa shamba na mtu hukaa mjini. Ubungo si hivyo. Mtu ashukaye basi Kimara, akaiacha barabara ya Morogoro na kufuata vichochoro vya Saranga, au akapanda mpaka Goba, Kwembe na Kibamba, hukuta nyuma ya nyumba nyingi banda la mabati, na ndani yake ng'ombe wawili watatu wa maziwa, au mbuzi, au nguruwe. Kutoka banda hilo hadi dirisha la chumba walalamo watoto ni hatua chache tu. Katika hatua hizo chache mbu hupita usiku kucha, akimnyonya huyu na kumnyonya yule, wala haombi ruhusa ya mwenye nyumba.

Leo twataka kulizungumza jambo hilo. Wataalamu wamethibitisha kwamba ng'ombe aliyechomwa sindano ya ivamektini, dawa ambayo wafugaji huijua sana kwa kuulia minyoo na upele, humdhuru mbu anywaye damu yake. Basi yapo maswali mawili mbele yetu. La kwanza: je, dawa hii ya mifugo yafaa kutumika kuwa silaha ya kupigana na malaria katika wilaya kama yetu? La pili, ambalo watu hupenda kuliruka: ikiwa yafaa, nani atakayelipa gharama yake?

Maoni yetu twayasema mapema ili msomaji asitafute-tafute. Silaha hii ni ya kweli, wala si porojo. Lakini katika Ubungo haistahili kukaa mstari wa mbele. Yafaa ijaribiwe kwa mpango na kwa macho ya wataalamu, ikianza na mifugo isiyokamuliwa. Na mzigo wake usitupwe mabegani mwa mfugaji peke yake, kwa sababu faida itafutwayo ni ya mtaa mzima.

Kwanza tuitazame hatari yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 watu 597,000 walikufa kwa malaria, walio wengi wakiwa watoto wa Afrika ambao hawajatimiza miaka mitano. Katika kila vifo 100 vya namna hiyo, kiasi cha vinne vilitokea Tanzania. Nchi yetu imefanya kazi kubwa: uchunguzi wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa na vimelea vya malaria, na kufika mwaka 2017 hesabu hiyo ilikuwa imeshuka hadi 7 hivi. Lakini uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta watoto 8 katika 100. Maana yake ni kwamba tuliteremka mlima kwa kasi, kisha tukasimama. Dar es Salaam hali ni njema kuliko mikoa mingi, mathalani Tabora, Kagera na Mtwara; hata hivyo hakuna mzazi wa Mburahati au Makuburi ambaye hufarijiwa na hesabu za mkoa akiwa amembeba mtoto mwenye degedege usiku wa manane.

Kwa nini tulisimama? Sababu ni nyingi, lakini moja yahusu mada yetu. Vyandarua vyenye dawa vilimshambulia zaidi yule mbu apendaye kuingia ndani na kumwuma mtu aliyelala. Yuko ndugu yake, anofelesi wa aina iitwayo arabiensis, ambaye tabia yake ni nyingine. Huyu huuma ndani na nje, huanza mapema kabla watu hawajaingia kitandani, na akikosa mtu hunywa damu ya ng'ombe bila kinyongo, kisha akaenda kupumzika nje mahali pasiponyunyizwa dawa. Mlinzi wa usiku aliyekaa langoni, mama lishe anayewasha moto kabla ya alfajiri, kijana angojaye basi la mwisho, hawa wote ni chakula chake, na chandarua walichokiacha nyumbani hakiwasaidii. Mbu wa namna hii hawezi kukamatwa kwa kufunga mlango. Hana budi kufuatwa kule anakokula.

Hapo ndipo ng'ombe aingiapo katika habari hii. Lakini ili tusidanganyane, yapasa tueleze dawa yenyewe ni kitu gani na hufanya kazi namna gani.

Asili ya ivamektini ni udongo wa Japani. Katika miaka ya 1970 mtaalamu Satoshi Omura alikusanya udongo na kuotesha vijidudu vilivyokuwamo. Akampelekea mwenzake William Campbell, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Merck ya Marekani, naye akagundua kwamba kijidudu kimoja kilitoa kitu chenye nguvu ya kuua minyoo. Dawa iliyotokana na kitu hicho iliuzwa kwa ajili ya mifugo kuanzia mwaka 1981. Mwaka 1987 kampuni hiyo ilitangaza kuitoa bure kwa watu wenye usubi, ugonjwa upofushao, ambao hapa kwetu wajulikana sana Mahenge. Wakazi wa Dar es Salaam nao waijua, hata kama jina limewatoka, kwa maana ndiyo moja ya dawa mbili zilizogawiwa mitaani kuzuia matende na mabusha. Mwaka 2015 Omura na Campbell walipewa Tuzo ya Nobel, pamoja na mwanamke wa China, Tu Youyou, aliyegundua artemisinini, dawa ambayo leo ndiyo nguzo ya tiba ya malaria.

Dawa hii hulegeza mishipa ya fahamu na misuli ya minyoo, kupe wadogo wa upele, na wadudu wengi wengine, hata wakapooza. Mtu na ng'ombe, wakipewa kwa kipimo chake, hawapati madhara hayo. Kipimo cha kawaida cha sindano kwa ng'ombe ni mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito wake, ikiwa dawa ni ile ya asilimia 1. Ikishaingia, hukaa katika damu kwa siku kadhaa. Mbu ajaye usiku huo, akashiba damu yenye dawa, huweza kufa. Na asipokufa, mara nyingi hushindwa kuisaga damu vizuri, hutaga mayai machache, na maisha yake hukatika mapema.

Katika kukatika huko kwa maisha ndimo ilimo siri yote. Mbu akimnyonya mgonjwa wa malaria leo, hawezi kuambukiza kesho. Vimelea huhitaji siku 10 au zaidi kukomaa ndani ya tumbo lake na kupanda mpaka katika mate yake. Katika siku hizo mbu hula mara kadhaa. Kwa hiyo mbu wa hatari ni mbu mzee, na ye yote awezaye kumfanya mbu asizeeke amekata mnyororo wa malaria hata kama hakuua kila mbu. Ng'ombe mwenye dawa ni mtego uliowekwa katikati ya safari hiyo: mbu aliyetoka kumwuma mgonjwa juzi, akala kwa ng'ombe leo, huenda asifike siku ya kumi.

Habari hii haikuletwa na upepo kutoka ng'ambo. Mwaka 2017 Issa Lyimo na wenzake wa Taasisi ya Afya Ifakara walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kusini mashariki mwa nchi yetu. Waliwatumia ng'ombe waliochomwa ivamektini na wasiochomwa, ndani ya banda kubwa la wavu lenye mbu wa arabiensis wanaoishi humo kwa uhuru. Walikuta kwamba wale waliokunywa damu yenye dawa walishindwa kuisaga vizuri, mayai yao yakapungua, na maisha yao yakafupika. Na kadiri siku zilivyopita tangu sindano, nguvu hiyo ilififia. Hiyo ni kazi ya Watanzania, iliyofanywa katika ardhi ya Tanzania, na yafaa tujivunie kwa kuisoma sawasawa, bila kuipunguza wala kuitia chumvi.

Tusiitie chumvi, kwa sababu banda la wavu si mtaa wa Msigani. Katika banda mbu hana pa kukimbilia. Katika mtaa anaweza kuchagua. Nje ya mipaka yetu yapo majaribio mengine ya kutufundisha. Katika kambi za wakimbizi wa Afghanistan nchini Pakistani, Mark Rowland na wenzake waliwapangusa mifugo wote kwa sifongo yenye dawa ya kuua wadudu iitwayo deltamethrini, na taarifa yao ya mwaka 2001 yasema kwamba malaria kali ya falsiparamu ilipungua kwa asilimia 56. Lakini mbu wa kule hupenda ng'ombe kuliko mtu. Mbu wakubwa wa malaria hapa kwetu, gambiae na funestus, humpenda mtu kwanza. Mbu asiyemgusa ng'ombe hawezi kudhurika kwa damu ya ng'ombe. Hilo mtoto wa shule alielewa.

Majirani zetu wa Kwale, katika pwani ya Kenya, walichukua njia ya kuwapa dawa watu wenyewe. Walimeza ivamektini mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba maambukizo mapya kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yalipungua kwa asilimia 26 yakilinganishwa na vijiji vilivyopewa dawa nyingine. Ni faida, tena iliongezwa juu ya ile ya vyandarua. Lakini huko Burkina Faso jaribio moja halikuonyesha faida iliyo wazi. Na Mopeia, nchini Msumbiji, ambako watafiti waliwapa dawa watu na mifugo yao kwa pamoja ili kujua kama mifugo huongeza nguvu, dhoruba ya Gombe ya Machi 2022, kisha kipindupindu, viliivuruga kazi. Basi mtu akuambiaye kwamba ivamektini imemaliza malaria anakudanganya, na mtu akuambiaye kwamba ni dawa ya ng'ombe isiyotuhusu naye anakudanganya.

Sasa turudi nyumbani, maana penye shida yenyewe ni hapa.

Wafugaji wa Ubungo si matajiri wenye makundi. Katika miaka ya 1980 mshahara wa mfanyakazi wa Dar es Salaam uliposhuka thamani hata usifikishe nusu ya mwezi, karani, mwalimu, muuguzi na hata mhadhiri wa Chuo Kikuu pale Mlimani waligeukia kile kilichoitwa mradi: kuku, nguruwe, au ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba. Ng'ombe huyo ndiye aliyelipa karo za watoto wengi ambao leo ni watu wazima wenye vyeo. Hata sasa, katika mitaa yetu ya pembeni, maziwa ya asubuhi ni mshahara wa pili wa nyumba, na mara nyingine ndio mshahara wa kwanza.

Basi fikirini. Ivamektini ya kawaida haikuruhusiwa kwa ng'ombe anayekamuliwa maziwa ya kunywa watu. Dawa hupita katika maziwa. Akichomwa, maziwa yake hayapaswi kuuzwa, na nyama yake haipaswi kuliwa mpaka zipite wiki kadhaa zilizoandikwa katika kibandiko cha chupa. Tufanye hesabu ya mfano. Ng'ombe anayetoa lita 10 kwa siku, maziwa yake yakimwagwa kwa siku 28, ni lita 280. Lita moja ikiuzwa shilingi 1,500, mwenye ng'ombe amemwaga shilingi 420,000. Nani atakayemwambia mjane wa Kimara mwenye ng'ombe mmoja amwage shilingi 420,000 ili mtoto wa jirani asiumwe na mbu? Na tukimwambia hivyo bila kumpa kitu, atafanya nini? Jibu twalijua sote. Atamchoma ng'ombe kwa sababu ameamriwa, na atauza maziwa kwa sababu watoto wake wana njaa, na maziwa yenye dawa yatakwenda kwa watoto wale wale tuliotaka kuwalinda. Amri isiyotazama mfuko wa mtu huzaa udanganyifu, na udanganyifu huu ungeingia katika kikombe cha chai.

Ipo dawa ya jamii hiyo hiyo, eprinomektini, ambayo katika nchi nyingi imeruhusiwa kwa ng'ombe wa maziwa bila kuyamwaga. Lakini si kazi ya mfugaji kuitafuta kwa kubahatisha katika maduka. Ikiwa yafaa kwa kazi hii ya mbu, na bei yake yaweza kubebwa, hayo ni maswali ya kujibiwa na madaktari wa mifugo kabla sindano haijainuliwa.

Wako watu watakaosema: kwa nini tujisumbue? Ng'ombe waondolewe mjini, na mambo yatakwisha. Sisi hatukubali. Kwanza, mbu mwenye tabia ya kula kwa ng'ombe na kwa mtu, akiondolewa ng'ombe, hatafunga saumu. Yawezekana sana atamgeukia aliyebaki, naye ni mtu. Pili, mazalia ya mbu hayakuchimbwa na ng'ombe. Yalichimbwa na mitaro isiyozibuliwa, na mashimo ya mchanga, na bonde la Msimbazi ambalo tumelijaza takataka mpaka maji hayajui njia. Kumfukuza ng'ombe na kuacha dimbwi ni kumpiga mbwa kwa kosa la fisi.

Wako na wengine, nao ni wa hatari zaidi, watakaosema: ikiwa dawa hii ni njema, basi tuinywe wenyewe kutoka chupa ya ng'ombe. Wakati wa Korona, katika miaka ya 2020 na 2021, watu wa nchi mbalimbali walifanya hivyo, na wengine wakafikishwa hospitalini kwa sumu. Chupa ya ng'ombe imepimwa kwa mnyama wa kilo mia kadhaa. Mfanyakazi mwenye homa aende zahanati apimwe damu. Dawa ya mbu si dawa ya homa, na aliyekwisha kuugua malaria haponi kwa ivamektini.

Jambo la tatu la kuogopwa halionekani kwa macho. Dawa itumikayo ovyo huwafundisha kupe na minyoo kuizoea. Huko Brazili na Meksiko kupe waliokwisha kuizoea ivamektini wamepatikana. Tena sehemu kubwa ya dawa hutoka katika mavi ya ng'ombe, na huko huwaua mende wa mavi na wadudu wengine ambao kazi yao ni kuyavunja na kuyarudisha udongoni. Mkulima wa mchicha wa bondeni atumiaye samadi ya jirani ana haki ya kujua samadi hiyo ina nini.

Kwa sababu hizo zote twasema ufuatwe utaratibu, na sisi twaupendekeza huu.

La kwanza ni maji. Mbu kabla hajawa na mabawa ni kiluwiluwi katika maji, na hapo hana pa kukimbilia. Jiji hili lilikwisha kulionyesha hilo. Mpango wa kuzuia malaria mjini ulioanza mwaka 2004 uliwatumia wakazi wa mitaa wenyewe kutafuta madimbwi na kutia dawa ya bakteria iuayo viluwiluwi bila kumdhuru mtu. Kazi ya kutia dawa ilianza mwaka 2006 katika kata tatu, ikaongezwa baadaye, na watafiti walioipima waliona kwamba mahali ilipofanyika maambukizo yalipungua sana. Kisha, hapo Kibaha, mwendo mfupi kwa basi kutoka Mbezi, kilijengwa kwa ushirikiano na Wakuba kiwanda cha dawa hiyo hiyo, kikafunguliwa mwaka 2015; na mwaka 2017 Rais Magufuli aliziagiza halmashauri zinunue dawa yake. Haifai hata kidogo halmashauri iliyo jirani na kiwanda izungumze habari za sindano za ng'ombe huku mitaro yake imejaa viluwiluwi. Tena jambo hili lina haraka mpya: mbu wa Asia aitwaye stephensi, apendaye matangi ya maji ya mjini na ambaye hula kwa mifugo pia, alionekana Djibouti mwaka 2012, Ethiopia mwaka 2016, na Kenya mwaka 2022. Yu njiani. Kila tanki lisilofunikwa Sinza au Manzese ni nyumba aliyoandaliwa.

La pili ni kujua mifugo iliyopo. Mwaka 2025 ilizinduliwa kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, serikali ikichangia gharama, na ng'ombe wakavishwa hereni. Kazi hiyo yafaa ikamilishwe Ubungo kila mtaa, ng'ombe kwa ng'ombe, mbuzi kwa mbuzi, na nguruwe kwa nguruwe. Huwezi kupanga vita usiyojua idadi ya askari wake. Na mfugaji asiogope kuandikwa, akidhani orodha ni ya kodi au ya kumfukuza. Viongozi wa mitaa wamweleze mapema, na waliyomwahidi wayatimize.

La tatu ni jaribio la haki. Halmashauri ya Manispaa ya Ubungo ina jirani wenye elimu ambao miji mingi ingewatamani: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimo ndani ya mipaka yake, Muhimbili haiko mbali, Ifakara imekwisha kuanza kazi, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko Morogoro, mwisho wa barabara ile ile ipitayo Kibamba. Wakae pamoja. Wachague mitaa yenye mifugo mingi, mingine ipewe dawa na mingine isipewe kwanza. Waanze na mitamba, madume na wanyama wengine wasiokamuliwa. Wahesabu mbu na wapime damu za watoto kabla na baada. Wakianza kabla ya mvua za masika watajua kwa uhakika zaidi kuliko kwa mabishano. Na matokeo, yakiwa mazuri au mabaya, yasomwe katika mikutano ya mitaa kwa Kiswahili, yasifungiwe katika majarida ambayo mwenye ng'ombe hatayaona maisha yake yote. Ikionekana kwamba faida ni ndogo Ubungo lakini yaweza kuwa kubwa Usukumani au katika bonde la Kilombero, ambako ng'ombe ni wengi, basi tutakuwa tumewafanyia wenzetu kazi, na hilo pia si haba. Nchi yetu ina ng'ombe zaidi ya milioni 30.

La nne ni gharama. Mfugaji apatapo dawa ya minyoo, ng'ombe wake hunenepa na upele hupona. Kwa faida hiyo ni haki achangie. Lakini ikiwa achomwa ng'ombe mara nyingi kuliko mahitaji ya ng'ombe, kwa ajili ya afya ya mtaa, sehemu hiyo ilipwe na mtaa, yaani na mfuko wa umma. Hatuwaombi wenye nyumba zisizo na mifugo wanunue chandarua cha jirani. Lakini bomba la zimamoto hulipiwa na wote, hata yule ambaye nyumba yake haijapata kuungua. Na hazina hiyo iwe yetu. Kati ya mwaka 1988 na 1996 Japani ilisaidia kazi ya kuzuia malaria katika Dar es Salaam na Tanga. Kazi ilikuwa njema, lakini msaada una mwanzo na una mwisho, na mbu hana mwisho wa mkataba. Kujitegemea katika jambo hili maana yake ni kwamba fedha ya dawa iandikwe katika bajeti ya halmashauri, mstari wake na tarakimu zake, kama ya barabara.

La tano ni utawala wa sindano. Wako watu wenye mkoba na bomba la sindano ambao hupita mabandani wakichoma ng'ombe kwa kubahatisha, leo huyu kesho yule, bila kuuliza kama anakamuliwa na bila kuandika siku. Kazi hiyo ifanywe na bwana mifugo au daktari wa mifugo, iandikwe katika kadi ya mnyama, na mwenye ng'ombe aambiwe kwa maneno ya wazi ni siku ngapi asiuze maziwa wala nyama. Nao wauza maziwa watambue kwamba jina lao ndilo mtaji wao.

Twajua kwamba baadhi ya wasomaji wetu hawana ng'ombe wala banda. Wana chumba kimoja Mabibo, watoto watatu, na tanki la maji lisilo na kifuniko linalotumiwa na wapangaji sita. Jambo hili lawahusu vilevile. Mbu aliyezaliwa katika tanki lao ndiye atakayekula kwa ng'ombe wa Makuburi, na mbu aliyezaliwa katika shimo la mwenye ng'ombe ndiye atakayewatembelea wao. Malaria haina mipaka ya kiwanja. Kwa hiyo mpangaji afunike tanki, mwenye nyumba azibue mtaro, mfugaji aandikishe mnyama wake, mwenyekiti wa mtaa aitishe mkutano, na diwani aulize katika kikao kijacho cha baraza dawa ya Kibaha imenunuliwa lita ngapi na imetiwa wapi. Akijibiwa kwa maneno matupu, aulize tena.

Ng'ombe ametupa maziwa, nyama na karo za shule. Sasa wataalamu watuambia kwamba huenda akatupa na ulinzi. Yafaa tuupokee kwa shukrani na kwa hadhari, tukikumbuka kwamba yeye hana sauti ya kukataa sindano, na mwenye naye hana nguvu ya kubeba peke yake deni la mtaa mzima. Kazi ya watu iko mikononi mwa watu, na kwa Ubungo yaanzia katika mtaro uliozibwa mbele ya mlango wa kila mmoja wetu. Tushike majembe kabla mvua hazijafika.